Maji Aliyonawa Daktari

Ukija kwangu hapa Bombambili, Songea, kabla hujaonyeshwa kiti utaonyeshwa kibuyu chirizi. Nimekitundika mlangoni pa uwa: dumu la mafuta ya kula, kamba, kijiti cha kukanyagia kwa mguu, na kipande cha sabuni kinachoning'inia ndani ya soksi kuukuu ili kunguru wasikiibe. Bomba ninalo ndani, lakini liko mbali na mlango, na mwenye njaa hana subira ya kulifuata. Watoto wa mtaani wananiita Babu Nawa. Asubuhi wakipita kwenda shule wanapaza sauti, "Shikamoo Babu Nawa!" Nami nawajibu, "Marahaba, mikono juu!" Wanainua viganja kama watu waliokamatwa na askari, tunacheka, wanakwenda zao.

Jina nililopewa kwa ubatizo ni Kastori. Miaka yangu yote ya kazi niliitwa Daktari, ingawa udaktari sikuusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea uuguzi msaidizi, nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja huko Tunduru, ukishapita Nakapanya. Kule aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari, hata kama kazi yake ilikuwa kuchemsha sindano. Ningeweza kuwasahihisha watu. Sikuwasahihisha. Lilikuwa jina tamu, na mimi nilikuwa kijana.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia wagonjwa, na ninyi mnaolea watoto wenu wa kwanza. Nafasi ya kuandika nimeipata kwa sababu jembe nimekatazwa. Mwanzoni mwa baridi hii homa ya mapafu iliniangusha, nikalazwa. Nimerudi nyumbani, nakaa barazani na blanketi, naangalia mahindi ya jirani yakivunwa na wengine.

Na kabla sijawafundisha lolote, nianze na aibu ya karibuni. Nilipopata homa hiyo sikwenda kupima. Nilimtuma mjukuu dukani, nikameza dawa ya malaria, nikajifunika. Homa haikushuka. Nikaongeza na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwenye droo tangu jirani alipougua jino. Nilikwenda hospitali pale tu niliposhindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Kijana aliyenipokea, mdogo wa kuwa mjukuu wangu, aliniuliza kwa upole, "Babu, ulipima?" Nikatazama ukuta. Mimi, niliyewakaripia watu kwa kosa hilo hilo hadi sauti ikakauka!

Mama Ndunguru angekuwapo, angenimaliza.

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wetu pale zahanati. Mmatengo wa Mbinga, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na mguu wake hausikiki akija. Siku zangu za kwanza nilikuwa maarufu kwa sindano. Wakati ule mgonjwa asiyechomwa alijiona hakutibiwa. Ukimpa vidonge tu, alikwenda kusimulia kwamba zahanati haina dawa. Basi mimi nilichoma. Siku moja mzee mmoja alitembea kutoka shambani na mafua yake, akataka sindano, nikampa, akaondoka anachechemea kwa furaha. Nikageuka, Mama Ndunguru yuko nyuma yangu.

"Kastori, yule umemchoma nini?"

"Vitamini, mama."

"Anaumwa nini?"

"Mafua."

"Sasa vitamini ya makalio itafika puani saa ngapi?"

"Lakini mama, ameomba mwenyewe."

"Na kesho akiomba ukate mguu?"

Alinifundisha jambo ambalo hadi leo watu wengi hawalipendi: mafua ya kawaida hayana sindano wala vidonge vya kuyaua. Mwili wenyewe unayafukuza. Mgonjwa anywe vya moto, ale, alale, akohoe kwenye kiwiko na si kwenye kiganja kitakachoshika mkono wa mwenzake. Zile dawa kali za kuua bakteria tuzitunze kwa ajili ya magonjwa ya bakteria, tuzimeze kama tulivyoandikiwa mpaka mwisho, na tusigawiane kama ndugu wanavyogawana muhogo. Ukivizoesha vijidudu dawa hizo, siku ya vita vitakucheka.

Homa nayo, siku zile, zote tulizibatiza malaria. Mwili ukichemka, malaria. Vipimo hatukuwa navyo. Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu kidoleni na majibu unayapata ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Mara nyingi jibu linakuja kwamba malaria hakuna, na mtu anakasirika kana kwamba amenyimwa haki yake. Usikasirike. Uliza sasa ni nini: koo, mkojo, sikio, mapafu? Mama Ndunguru hakuwa na mashine. Alisubiri mtoto atulie kwenye paja la mama yake, akainua nguo, akatazama tumbo na mbavu huku saa yake ikiwa kiganjani. Mtoto anayepumua mbio mbio, mbavu zinabonyea ndani, au anashindwa kunyonya, au amepata degedege, huyo hasubiri kesho. "Homa inapiga kelele," alikuwa akisema, "pumzi inanong'ona. Sikiliza inayonong'ona."

Lakini jambo lililonipa jina la Babu Nawa halikuwa homa. Lilikuwa bakuli la maji.

Nilipofika kijijini sikuwa na pa kulala. Mkulima mmoja wa korosho, Mzee Mustafa, alinipa chumba cha uani. Nilipouliza kodi alisema, "Ukilipa utakuwa mpangaji, na mimi wapangaji siwataki, wana maneno." Alikuwa mwembamba, mcheshi, kofia yake kaishona mwenyewe, na hakuacha kunitania kwa kuwa mimi ni Mngoni, wa kabila lililosifika zamani kwa kuteka mifugo. "Mficheni ng'ombe," aliwaambia wanawe kila nikiingia, "jamaa wa Songea huyo kaja." Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Baadaye nilihamia nyumba ya zahanati, lakini kila Ijumaa baada ya sala nilikula kwake. Nisipotokea, alinitumia mtu.

Sasa, enzi hizo, kule Tunduru na hata kwetu Ungoni, mikono tulinawa kwenye bakuli moja. Bakuli linaanza kwa mgeni, linakwenda kwa mwenye nyumba, linashuka kwa umri hadi kwa mtoto wa mwisho. Maji hayabadilishwi. Anayenawa kwanza amepewa heshima, na anayenawa mwisho anapata mchuzi wa mikono ya watu wote. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa adabu.

Ijumaa moja ya msimu wa korosho nilitokea nyumba ya jirani yake, ambako kijana mmoja alikuwa anaharisha damu. Nilikuwa nimemgeuza, nimetoa shuka, nimekagua choo chake kama nilivyofundishwa. Sabuni pale haikuwapo. Nilijimwagia maji kidogo kwenye vidole, nikajifuta kwenye koti. Koti jeupe linadanganya sana, vijana. Ukijifuta kwenye kitu cheupe unadhani nawe umekuwa mweupe.

Nikakaribishwa mkekani. Ugali ukaja, kuku akaja, na bakuli likaja kwangu mimi kwanza, mgeni na daktari.

Nilijua. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Sikukosa elimu, somo la mikono nililipata darasani na nilifaulu. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari: "Mzee, naomba sabuni, na mimi nimwagiwe pembeni." Maneno mepesi kabisa. Lakini kukiri kwamba mikono ya daktari ni michafu, tena kukataa bakuli la mtu aliyenipokea kama mwanawe, niliona haya. Nikatumbukiza mikono.

Bakuli likazunguka. Mwishoni likafika kwa Asumini, kitinda mimba wa Mzee Mustafa, mtoto wa umri ule wa kukimbia mchana kutwa kisha kudai mgongo wa mama jioni. Baba yake akamwambia, "Nawa vizuri, mama. Hayo maji ya daktari, yatakupa akili ya shule." Mtoto akalichukulia jambo hilo kwa uzito. Akachovya mikono yote miwili, akajipaka usoni, akajipaka kichwani, akalamba vidole. Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka.

Siku chache baadaye mama yake alimleta zahanati amemfunga mgongoni. Macho yameingia ndani, midomo mikavu, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Alikuwa anaharisha damu.

"Umempa maji?" Mama Ndunguru aliuliza.

"Hapana, mama. Nikimpa maji si ninamwagilia kuhara?"

Hakumgombeza. Wengi waliamini hivyo, na wapo wanaoamini hivyo mpaka leo: mtoto anayeharisha akaushwe, ndoo ikivuja usiijaze. Mama Ndunguru alikoroga maji ya chumvi na sukari, siku hizi mna pakiti za ORS, akamwonyesha mama namna ya kumnywesha kwa kijiko. Akanigeukia mimi. "Kuna lori la korosho linaondoka. Utampeleka hospitali ya misheni. Kijiko hakilali njiani, unanisikia?"

Tulikaa juu ya magunia, mama amempakata, mimi nimeshika kikombe na kijiko. Barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Nilimpa kijiko, nusu kikamwagika shingoni. Nikampa kingine. Akatapika. Mama akalia, "Mwache, Daktari, atakufa amechoka." Nikakumbuka somo: akitapika, mpumzishe kidogo, kisha anza tena polepole. Nikaanza tena. Kichwani mwangu sikuona kingine ila vidole vile vidogo vikilambwa na mimi nikicheka. Nilisali sala zangu za Kikatoliki, mama akasoma dua zake, dereva akawa anatukana mashimo. Kila mmoja kwa lugha yake alikuwa anamwombea mtoto yule yule.

Alipokelewa, akapewa dawa, akaongezewa maji. Mzee Mustafa alifika kesho yake kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Nikamwita upenuni nikamweleza: nyumba niliyotoka Ijumaa ile, sabuni iliyokosekana, koti, bakuli. Sikuwa na ushahidi kwamba ni mikono yangu na si nzi au maji ya kisima, lakini sikutaka kujificha nyuma ya nzi.

Alijifuta vumbi usoni kwa kofia yake. Kisha alisema, bila ule uso wake wa utani, "Babu zako Wangoni walikuja na mikuki. Tuliwaona kwa mbali, tukakimbia. Wewe ulikuja mikono mitupu, nikakutengea maji."

Akaingia ndani kwa binti yake. Nimesikia matusi mengi maishani, hakuna lililoniingia kama maneno yale ambayo hata tusi hayakuwa.

Asumini hakufa. Choo kikakoma kuwa na damu, homa ikashuka, akarudishwa kijijini. Nami nilipomwona anashushwa kwenye baiskeli nilitamka neno ambalo wahudumu wa afya tunalitamka haraka mno: "Amepona." Kisha nikaacha kwenda kwa Mzee Mustafa. Ijumaa ikija, najipa kazi. Nilijiambia nawapa nafasi. Uongo. Nilikuwa naogopa kuliona lile bakuli.

Hilo kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. La kwanza lilikuwa la dakika moja na haya ya kijana. La pili nililirudia kila Ijumaa, kwa hiari.

Maana wakati mimi najificha, mtoto alikuwa anayeyuka. Watu wazima walikuwa kwenye kuokota korosho alfajiri hadi jua linazama, kama msimu unavyotaka, na yeye alipewa ugali uliobaki na mchicha. Mtoto mzima angevumilia. Yeye alikuwa ametoka vitani na ghala tupu. Hakuwa anacheza. Nywele zikafifia rangi, miguu ikaanza kuvimba. Mama Ndunguru alimkuta alipopita kuwachanja wengine, akarudi zahanati, akasimama mbele yangu.

"Ulisema amepona."

"Kuhara kulikoma, mama."

"Ugonjwa umeondoka, Kastori. Mtoto bado hajarudi. Kamlete."

Alirudishwa hospitali, kwa sababu mtoto aliyevimba miguu hatibiwi kwa uji wa nyumbani peke yake. Na ninyi msijaribu. Alipotoka tena, safari hii na maelekezo ya chakula, Mama Ndunguru aliniambia kazi yangu ya asubuhi, kabla ya zahanati kufunguliwa, itakuwa nyumbani kwa Mzee Mustafa.

Nilikwenda natembea kama ninayekwenda kuhukumiwa. Mzee alikuwa uani anaanika korosho. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba," akaendelea kuanika. Nikamwambia mtoto anahitaji uji mzito wenye mafuta, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Nikamuuliza karanga.

"Karanga zimekwisha."

Nikatazama mkeka wake. Ndani magunia yalijaa hadi dari, na nyumba nzima hakuna aliyekuwa anakula korosho. Ilikuwa mali ya kuuza. Kula korosho kulikuwa kama kutafuna paa la nyumba.

"Na hizi?" nikauliza.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hizi, Mngoni?"

"Hizi."

Akachota kikapu kizima, tena za daraja la kwanza, akakiweka miguuni pangu. Zilichomwa, zikabanguliwa, na kwa kuwa wanawake wa nyumba ile walikuwa mashambani, mchi nilishika mimi. Mnajua mwanamume kwenye kinu alivyokuwa kituko. Majirani walipita, wakarudi, wakapita tena.

"Jamani, njooni muone! Daktari anatwanga!"

"Koti lake analivaa la nini, si afunge kanga!"

"Daktari, ukimaliza hapo, kwangu kuna mpunga!"

Mtoto aliyekaa kizingitini, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, alinitazama ninavyokosea kinu na kupiga ardhi. Akatoa sauti ndogo, kama kikohozi. Baba yake aligeuka haraka. Mtoto alikuwa anacheka.

Nilitwanga msimu mzima. Uji wa korosho asubuhi, dagaa wa Nyasa wa kusaga kwenye mboga, yai likipatikana, na mlo mmoja wa ziada juu ya ile ya kawaida hata baada ya uvimbe kwisha. Kurudi kwake hakukuwa kwa siku moja. Leo anakula, kesho anakataa, keshokutwa anaiba embe la jirani, nasi tunashangilia wizi huo. Ndiyo kupona kulivyo, vijana. Homa ikishuka, mtu amefika mlangoni tu. Mwacheni aingie, akae, ale. Mkimpa jembe siku hiyo hiyo, anaanguka palepale kizingitini.

Ijumaa moja mzee akanituma mtu, kama zamani. Nikakaa mkekani nikingoja bakuli. Bakuli likaja tupu. Nyuma yake akaja Asumini, amebeba birika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uzito wake, na sabuni imebanwa kwapani.

"Nyumba hii," Mzee Mustafa alitangaza, "mtoto hanawi tena mabaki. Mtoto ndiye anayemwaga. Ananawa yeye kwanza, kisha anawanawisha wakubwa." Halafu akanielekezea kidole. "Na daktari ananawa mwisho kabisa. Baada ya paka."

Watu walicheka mpaka ugali ukapoa. Nilicheka na kulia pamoja, na hakuna aliyeniuliza.

Desturi ile ikahamia nyumba ya pili, ya tatu. Sikuhubiri. Watu waliona heshima ya mgeni haikupungua alipomwagiwa maji safi. Mimi nilichukua kazi ya kwenda na kipande cha sabuni mfukoni, na nilistaafu nacho, na mke wangu akachoka kufua mifuko yenye povu.

Mzee Mustafa ametangulia, na Mama Ndunguru pia. Ninawakumbuka sana jioni za baridi kama hizi. Ningetoa vingi nitaniwe tena na mmoja, nikaripiwe na mwingine.

Wiki iliyopita niliamka nimechangamka. Kifua chepesi, homa hakuna. Nikachukua jembe nyuma ya nyumba, nikasema nigeuze tuta moja tu la viazi. Sikulimaliza. Nilikuwa nimeegemea mpini, nahema, nilipomsikia mtu anapiga hodi. Mama wa makamo, mnene, amejitanda ushungi, na binti yake pembeni mwenye sanduku la bweni. Mkononi ana ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Asumini?"

"Nampeleka huyu shule, nimeambiwa unaumwa. Nimekuja kukuona mgonjwa, nakuta mkulima." Akanipokonya jembe akaliegemeza ukutani. "Ugonjwa umeondoka, baba. Wewe bado hujarudi."

Maneno hayo yalisemwa mbele yangu yeye akiwa mtoto asiyejua kuvaa viatu. Kumbe Mama Ndunguru aliwaambia na wao, yakakaa nyumbani kwao muda wote huo.

Alifungua ndoo. Korosho, zimeshatwangwa. Akaingia jikoni kwa mke wangu, nikasikia maji yakibandikwa. Uji ulipoiva tukasogea mlangoni pa uwa, nami, kwa mazoea, nikainua mguu nikanyage kijiti cha kibuyu chirizi.

Akanishika mkono. "Kwetu daktari ananawa mwisho."

Basi nikasimama nikangoja. Akanawa binti yake, akanawa mke wangu, akanawa yeye, hana haraka hata kidogo. Paka wetu akapita, Asumini akamtazama, akanitazama, akamwachia apite. Kisha akakanyaga kijiti, maji yakatiririka, nami nikanyoosha mikono.